Heshima Iliyopakiwa Garini

Mzungu aliyekuwa Mhasibu Mkuu wa kiwanda chetu pale Chang'ombe aliporudi kwao, nafasi yake alipewa mama mmoja kutoka Masasi, aliyekuwa ameisomea kazi hiyo mpaka Ulaya. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika cheo kile kiwandani, na tena mwanamke. Mie nilikuwa karani wake, binti wa Kizaramo wa Temeke, ndiyo kwanza nimetoka shule.

Cheo alikipata. Kiti hakukipata. Kile cha Mzungu, cha ngozi na cha kuzunguka, Meneja Utumishi alikibeba jioni ileile ya kumuaga mwenyewe, akasema anakihifadhi. Akakihifadhi kwa kukikalia. Mama akaachiwa kiti cha mbao chenye mguu mmoja mfupi, tukawa tunaukingia kipande cha boksi. Kila alipoomba kingine, aliambiwa fundi yuko njiani. Keko, waliko mafundi samani wa mji mzima, unakwenda na kurudi chai yako haijapoa. Huyo fundi wetu nadhani alikuwa anatokea Kigoma kwa miguu.

Meneja huyohuyo ndiye aliyekuwa amekalia ombi letu pia, mie na karani mwenzangu wa kike. Mama alikuwa ametupendekeza twende chuo kusomea uhasibu. Meneja alimjibu, "Kumsomesha msichana hesabu ni kumsomeshea mumewe." Hakusema kiwanda kingedhurika vipi.

Basi ikaja amri kutoka juu kwamba kila kiwanda kiwaenzi Waafrika waliotangulia kwenye taaluma zao. Meneja akaunda kamati siku hiyohiyo na kujichagua mwenyekiti. Mama hakuwekwa, maana anayeenziwa hajienzi. Mie niliwekwa, kwa ajili ya chai.

Kamati ilikutana mpaka muuza maandazi wa getini akaanza kutusalimia kama wakwe zake. Hatimaye ikaamua zawadi iwe kiti. Nilifurahi kupita kiasi. Tulikwenda Keko, fundi akachagua mninga mzuri, mgongo akauacha wazi kwa ajili ya maandishi. Hapo vita vikaanza. Mmoja alitaka kiandikwe "Mhasibu Mkuu wa Kwanza Mwafrika." Mwingine akataka liongezwe neno "Mwanamke." Wa tatu akasema mwanamke anaonekana kwa macho, haandikwi. Meneja akataka jina la kamati. Fundi akapima mgongo wa kiti kwa kidole, akasema maneno yote yale yanahitaji kabati. Wakakubaliana neno moja tu: HESHIMA.

Siku ya sherehe tulikusanyika uwanjani, kiwandani. Mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa serikali, alichelewa mpaka pilau likaganda. Aliposhuka garini, Meneja aliviona viti vya chuma tulivyokuwa tumempangia, akapatwa na hofu.

"Mgeni rasmi hawezi kukalia chuma!" alisema, akakimbilia stoo, akarudi amekumbatia kiti cha mninga.

Mgeni akakaa. Akajiegemeza. Akapapasa mikono ya kiti, na usoni nikaona kabisa kwamba wamependana.

Hotuba yake ilikuwa nzuri, na ilihusu mihogo. Alitukumbusha kulima mashamba ya ujamaa, akatuonya juu ya uvivu na ubepari, na mwishoni akawapongeza "akina mama wote wanaotupikia chai na kutusaidia hesabu." Tukapiga makofi. Mama alikuwa ameketishwa kwenye benchi la wapishi, akapiga makofi nao. Mshereheshaji alipotaka kumwita mbele, Meneja akamnong'oneza kwamba muda umekwisha, mgeni ana safari.

Mgeni akainuka. Dereva wake akakitazama kiti, akasoma neno HESHIMA, akawa hana swali. Akakibeba na kukipakia nyuma ya gari. Hakuna mwanakamati aliyethubutu kufungua mdomo. Meneja alisaidia kusukuma mguu mmoja uliokuwa umekwama mlangoni.

"Mama, kiti chako kinaondoka!" nilimwambia.

"Nakiona," alisema. "Kimepata gari kabla yangu."

Alitabasamu, akanishika mkono. Siku ya tatu aliniambia, "Kesho vaa viatu vyako vya Idi. Tunakwenda mjini, wewe na mwenzio."

Tulimkuta mgeni rasmi ofisini kwake, juu ya kile kiti.

"Shikamoo, mzee," alisema Mama.

"Marahaba. Nyie si wa kile kiwanda? Mlinitunza sana!"

"Tumefurahi kukiona kinakufaa, mzee. Kilichongwa kwa ajili yangu."

Mzee akajiinua kidogo, kama aliyekalia siafu.

"Kwa nini hamkusema?"

"Sherehe ilikuwa yangu, sikupewa nafasi ya kusema."

"Basi kichukueni, kichukueni hivi sasa."

"Hapana, mzee. Kikae. Nimekuja na kitu kingine." Akatusukuma mbele. "Hawa ni makarani wangu. Wanataka kusomea uhasibu, na ombi lao limelala kwa Meneja Utumishi mpaka limesahau njia. Mie nimeambiwa ni wa kwanza. Nisingependa niwe wa mwisho pia."

Mzee alitutazama, akatazama mikono ya kiti, akanyanyua simu. Alimwambia Meneja maneno machache ambayo siwezi kuyaandika mbele ya watoto.

Tuliporudi kiwandani Meneja alikuwa anatungoja getini, akatukumbatia. Alitangaza mbele ya watu kwamba yeye siku zote amepigania elimu ya mwanamke, na tangu hapo akalirudia jambo hilo kila mkutano mpaka naamini alianza kuliamini.

Siku ya kuripoti chuoni Mama alitusindikiza mwenyewe. Mlinzi wa getini, mzee mpole mwenye kofia ya kufuma, alituangalia na masanduku yetu.

"Ushonaji ni mlango wa nyuma, wanangu."

"Tumekuja kusomea uhasibu, babu," nilimwambia.

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Haya. Lakini wakiwakataa, ushonaji bado wana nafasi."

Mama alimshukuru mzee wa watu, kisha akatusukuma ndani.