Pacha Ambaye Hakuwa Mtoto

Mimba ya miezi minne haiwi na tumbo la miezi saba, lakini langu lilikuwa hivyo. Mama mkwe, aliyekuja mtaani kwetu Makadara kutoka kwao magharibi kunitunza, alimleta mkunga wa kwao anayekaa ploti ya nyuma, kwenye vyumba vya kupanga kama vyetu. Mkunga alinipapasa, mkono ukasimama upande wa kulia.

"Wako wawili," akasema. "Huyu amekaa vibaya. Tutamsogeza."

Kwao pacha ni heshima kubwa. Tangu siku hiyo mama mkwe hakununua tena kitu kimoja kimoja: kofia mbili, shali mbili. Hata sokoni Kariokor ninakouza viatu, wenzangu wakaanza kunisalimu, "Sasa, mama mapacha." Nilifurahi, sitadanganya. Kila Jumamosi nililala chali, mkunga akanisugua na mafuta akimsukuma yule wa kulia. Iliuma, nikavumilia kwa ajili yake.

Asubuhi moja kibandani kwangu sokoni maumivu yalinikunja, nikatapikia viatu vya kuuza. Hospitalini nilipigwa picha. Daktari, msichana mdogo kuliko mimi, alisema mtoto ni mmoja. Yule wa kulia ni uvimbe kwenye ovari, tena umejipinda. Usipotolewa leo utaoza ndani, tufe sote wawili. Ukitolewa, mimba huenda ikatoka.

"Msimtoe mmoja wao," mama mkwe, aliyenifuata hospitalini, akamwambia. "Kwetu pacha hawatenganishwi."

"Mama, si mtoto," nikasema. Alinitazama kama nimemtukana.

Nilikubali kupasuliwa. Nilipoamka, nesi aliniwekea kifaa tumboni, nikasikia moyo wa mtoto ukienda mbio. Nililia kwa furaha. Kesho yake tumbo likaanza kukaza. Walinipa dawa ya kulituliza, halikutulia. Mtoto alitoka mchana, msichana, akatoshea kwenye kiganja cha nesi.

Wanawake wa ploti walikuja kunipa pole. Mmoja akasema maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia hayakuwa maji. Hakurudi tena.

Mama mkwe alirudi kwao akaomboleza wawili, kwa desturi zote za pacha. Majuzi alinipigia simu. "Pole na watoto, mwanangu." Nilikata. Hata mume wangu siku hizi husema "watoto". Nusu ya machozi yao ni ya kuulilia uvimbe. Mimi nilikuwa na msichana mmoja, na mpaka leo sijapata mtu wa kumlilia pamoja nami, yeye peke yake.