Jongoo Bahari Wasio na Matumbo

Pale chuoni walimwita Mama Ndoo, kwa sababu humkuti bila ndoo mkononi. Kazi yake ilikuwa kudeki maabara ya wanyama na kuhakikisha tangi la maji ya bahari linang'aa kila asubuhi, kabla wanafunzi hawajaingia. Mshahara ulikuwa wa kufunga mkaja, lakini kazi ilikuja na chumba nyuma ya stoo ya mitungi, chenye dirisha dogo na mlango wa kufunga kwa ndani. Tangu mumewe amtupie vyombo nje na kuingiza mwanamke mwingine, chumba hicho ndicho kilikuwa kila kitu.

Kazi alitafutiwa na mdogo wake wa kiume, fundi wa maabara hiyohiyo. Usidhani ilikuwa hisani. Baba yao aliweza kusomesha mmoja tu, akachagua wa kiume. Dada akafua nguo za watu mpaka vidole vikababuka, ili huyo mmoja apate viatu na madaftari. Yeye hata jina lake hawezi kuliandika.

Ila masikio alikuwa nayo. Akideki nyuma ya darasa alimsikia mwalimu, mama mmoja mkali mwenye miwani ya kamba, akifundisha kwamba jongoo bahari na kiti cha pweza, yule wa umbo la nyota, ni jamaa zetu wa karibu kuliko kaa au konokono. Mimba zao na zetu zinapoanza kujiumba, tundu la kwanza huwa la nyuma. Kinywa huja baadaye.

"Ndiyo maana wengine wanaongea vile wanavyoongea!" mwanafunzi mmoja akadakia, darasa likavunjika mbavu.

Ukaja mtihani wa vitendo: kupasua jongoo bahari na kuonyesha utumbo wake, pamoja na matawi anayopumulia. Jioni ya kuamkia mtihani, mdogo mtu alitakiwa kuwalegeza wanyama hao kwa chumvi maalumu, kidogo kidogo, walale taratibu. Wakishtuliwa, jongoo hao hutema matumbo yao yote kwa nyuma. Lakini alikuwa anachelewa harusi ya rafiki yake. Akamimina kopo zima kwa mkupuo, dada yake akikamua tambara pembeni.

"Si huwa unasema kidogo kidogo?"

"Dada, wewe deki."

Asubuhi Mama Ndoo alikuta nyuzi za njano zimetapakaa tangini, maji mazito kama uji. Amri ilikuwa moja: tangi ling'ae. Akachota ule uchafu, akaumwaga, akabadilisha maji.

Makasi ya wanafunzi yakapasua mifuko mitupu. Ndani hamna kitu, ila misuli mitano iliyolala kama mikanda.

"Mwalimu, huyu wangu alishafanyiwa operesheni?"

Mwalimu hakucheka. "Nani kagusa hili tangi?"

"Nimelisafisha mimi, mama," Mama Ndoo akasema. "Uchafu niliukuta. Chumvi ilimwagwa yote jana kwa pamoja. Mdogo wangu huyu hapa, aseme."

Mdogo wake akakodolea macho vigae vya sakafu. Kile kinywa kinachokuja baadaye, kwake kilichelewa kweli. Na kilipokuja, heri kisingekuja.

"Chumvi niliiweka kwa utaratibu, mwalimu. Dada yangu hakusoma, anachanganya mambo. Labda aliwachokonoa na ufagio."

"Matumbo uliyamwaga wapi?" mwalimu akamgeukia.

"Mferejini."

"Bila kumwambia mtu?"

"Kila siku nasafisha bila kumwambia mtu, mama."

Akaambiwa aache ufunguo wa chumba chake kabla geti halijafungwa.

Mdogo wake akamkuta kwenye korido. "Dada, nielewe. Mimi nina watoto shuleni. Wewe uko peke yako."

"Basi nipokee kwako. Hata jikoni nitalala."

"Si unamjua wifi yako."

"Namjua. Nakuuliza wewe."

"Nitaongea naye."

"Lini?"

"Nitaongea naye, dada." Akaondoka upesi, kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Mama Ndoo akakunja godoro, akafunga sufuria na nguo ndani ya shuka, akauweka ufunguo juu ya meza ya mwalimu. Mlinzi alimkuta amesimama katikati ya geti, mzigo kichwani, miguu haiendi.

"Mama Ndoo, unatoka au unaingia? Nataka kufunga."

Akaangalia barabara upande huu, akaangalia upande ule. Hakukuwa na nyumba hata moja ambayo angeweza kuibishia hodi.

"Funga," akasema, akasogea nje.