Mashini Iliyopimwa kwa Jinzi

Walisema sitaweza kufika hata Nyundo, hapo jirani na mji, bila kuuliza njia, sembuse kuandika programu ya kuongoza boti ziwani. Shemeji yangu, dereva wa lori, ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Alikuwa amenikopesha kodi ya chumba, nadhani ili apate haki ya kunicheka.

"Wenzake wamerudi kutoka Tanzania na ng'ombe," alikuwa akiwaambia watu. "Huyu karudi na karatasi."

Karatasi hiyo ni diploma ya kompyuta, niliyoipata Mwanza kwa jasho langu mwenyewe. Na kichwa kilichoipata, niseme ukweli, ni kizuri. Programu niliiandika peke yangu, hapa Gisenyi, juu ya meza yenye miguu mitatu. Inapokea mahali ulipo kutoka kwenye satelaiti, inaonyesha boti kama alama nyekundu kwenye ramani ya ziwa, na inakupa mwelekeo hata ukungu ukifunika kila kitu.

Kilichoniangusha ni laptop. Ile niliyokuja nayo betri yake ilikuwa imechoka; bila umeme wa ukutani haikudumu. Kapiteni mmoja mwenye boti za mbao za kubeba abiria na magunia alikubali nijaribu programu yangu kwenye boti yake. Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu. Hatujafika nusu ya safari, kioo kikawa cheusi. Kapiteni akazima injini, akasikiliza mbwa waliokuwa wakibweka ufukweni, akaturudisha kwa masikio yake.

"Fundi," akaniambia tulipofunga kamba, "mashini yako inalala mbele ya abiria. Nakupa safari moja tu tena. Ikilala, usikanyage boti yangu."

Safari moja. Nilihitaji laptop ya mtumba isiyolala, na sikuwa na fedha za kuinunua.

Mjini hapa laptop huitwa mashini, na kitu cha mtumba huitwa okaziyo. Nilikuwa nimeokota maneno yote ya wenyeji ili nisionekane mgeni. Basi nikaenda kwa jirani yangu, mama mmoja fundi wa nguo, wa moja ya koo kongwe za Waislamu wa mji huu, nikamwambia kwa madaha: "Mama, nikopeshe. Nataka kununua mashini ya okaziyo."

Macho yake yakang'aa. "Mutoto yangu! Kila siku najiuliza, huyu ataamuka lini?"

Akaingia ndani, akatoka na bahasha na kipande cha jinzi kilichokunjwa vizuri. "Sikia. Mashini ya okaziyo haipimwi na kitambaa laini. Muuzaji atakupa hariri, utaona inateleza tu. We iwekee jinzi, ukunje mara nne, ushone mpaka saa sita. Ikivumilia, lipa."

Ndipo nilipoelewa. Kwake mashini ni cherehani; alidhani nimeamua kuwa mshonaji.

Ningeweza kunyamaza, maana bahasha ilikuwa tayari mkononi mwangu. Lakini mama huyu ndiye aliyeninywesha uji nilipougua malaria wiki yangu ya kwanza mjini. Nikamweleza yote. Akanikagua kama kitambaa chenye kasoro.

"Bon. Na hiyo yako inashona nini?"

"Njia, mama. Inashona njia ziwani."

"Mashini ni mashini," akasema, akanisukumia bahasha na jinzi kifuani. "Usilipe kabla ya jinzi."

Muuzaji wa laptop, Mkongomani mcheshi, alikuwa na kibanda karibu na mpaka. Akaniletea moja nyembamba inayometa, akaweka video ya muziki. "Angalia, patron! Iko inacheza muzuri sana!"

"Hiyo ni hariri," nikamwambia. "Mimi nataka jinzi."

"Jinzi? Donc we unataka kuivalisha suruali?"

Nikachomoa chaja, nikachomeka kipokezi changu cha satelaiti, nikawasha programu, nikaiacha ichore ramani bila kupumzika. Ile nyembamba ikavuma kama mzinga wa nyuki, ikapata moto, ikazimika kabla chai yangu haijapoa. Ya pili ikafa vilevile. Ya tatu haikukitambua hata kipokezi. Nikaona ya nne chini: nyeusi, nene, imekwaruzwa, herufi mbili zimefutika kabisa. Alikuwa akiitumia kuzuia mlango usijifunge.

"Ah, hapana, patron. Hiyo nitaona haya kukuuzisha."

Ikachora ramani mpaka adhuhuri. Feni yake ilihema polepole, kama ng'ombe anayecheua. Nikaipenda hapohapo.

Lakini jinzi yangu ilikuwa haijakwisha, kwa sababu kibanda hakitikisiki na boti hutikisika. Nikamwambia muuzaji nitamlipa tukirudi kutoka ziwani. Hakutaka mashini yake iende peke yake, kwa hiyo asubuhi iliyofuata akapanda na sisi, ameukumbatia ubao wa kukalia.

"Mi sijue kuogelea, jamani!"

"Na mashini haijui," kapiteni akamjibu. "Mshikane."

Ukungu ukatumeza. Injini ilitetemesha mbao, matone yakadondoka kwenye kibodi, nami nikawa nayafuta kwa kile kipande cha jinzi. Alama nyekundu haikuondoka kwenye kioo. "Kushoto kidogo," nikasema. "Kuna mwamba mbele, upande wa kulia." Kapiteni akapinda. Mwamba ukatokea kulia, mweusi na umelowa, ukapita. Yeye aliujua tangu utoto, na alikuwa amenyamaza makusudi ili anipime. Tulipofunga kamba betri ilikuwa bado na uhai. Nikamlipa muuzaji palepale ufukweni.

Kapiteni aliponunua programu kwa boti zake zote mbili, niliwalipa siku moja wote walionikopesha. Kapiteni mwenyewe nilimrudishia fedha za mafuta ya ile safari iliyoharibika. Shemeji nilimlipa mbele ya watu walewale. Akahesabu mara mbili, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama programu hiyo inaweza kuingia kwenye lori.

Mwisho nikampelekea mama bahasha yake sokoni, anakoshonea. Akaiweka bahasha chini ya cherehani bila kuifungua. Kisha akanipa mfuko wa laptop wa jinzi, wenye mshono mara mbili, uliokatwa kwa kipimo cha ile mashini yangu nene.

"Asante, mama. Sasa sidaiwi na mtu."

"Unadaiwa mufuko," akasema, mkono ameunyoosha. "Mufuko sikopeshi."

Nikampa fedha zote zilizobaki mfukoni, na nauli ya pikipiki ikiwemo. Nikarudi nyumbani kwa miguu, mashini begani.