Generoza na Damu ya Pili

Alizaliwa mwaka 1950 huko Muyinga, Burundi, katika familia ya wakulima Wakristo, akabatizwa kwa jina la Generoza. Machafuko ya mwaka 1993 yalimwacha mjane, akavuka mpaka na binti yake Iradukunda hadi kambi ya wakimbizi wilayani Ngara. Huko akawa katekista, akiwafundisha watoto sala chini ya turubai.

Mvua za mwaka 1995 zilikuja na ugonjwa wa kutisha. Watu walishikwa na homa kali, wakaweweseka na kupata degedege, na dawa za malaria hazikuwasaidia. Ikavuma kambini kwamba wametiliwa sumu na Adelfina, mjane wa kijiji jirani cha Mabawe aliyewauzia maziwa. Iradukunda, aliyekuwa ameyanywa maziwa hayo, alipougua, vijana walimkamata Adelfina. Generoza akamtoa mikononi mwao, akamficha katika hema lake mwenyewe.

Daktari wa kambi, Emilian, alishuku virusi vinavyoenezwa na mbu na kushambulia ubongo. Alichukua damu ya Iradukunda, akamweleza Generoza kuwa damu moja haitoshi. Baada ya wiki mbili ingechukuliwa nyingine, na zote mbili zipimwe kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hujitengenezea dhidi ya kirusi. Kingamwili zikionekana zimepanda katika damu ya pili, ukweli ungejulikana. Hakumficha jambo.

"Mama, kipimo hiki hakitamponya mtoto," alisema.

"Nimeelewa, daktari," Generoza alijibu. "Lakini kinaweza kumwokoa Adelfina."

Shemeji yake, Kazimili, alikataa mtoto adungwe tena, akidai damu yake inauzwa. Siku ilipofika, Generoza mwenyewe aliushika mkono wa binti yake hadi kichupa kikajaa. Kesho yake Iradukunda akafariki, majibu yakiwa bado. Watu wakaja hemani na mapanga, Kazimili akiwa mbele.

"Mtoe," alisema. "Damu ya mtoto wetu iko kwake."

Generoza alisimama mlangoni. "Mtoto ni wangu," alisema polepole. "Wa kudai damu yake ni mimi, na mimi sidai."

Kisha akaingia ndani, akamwomba Adelfina wamwoshe marehemu pamoja. Wanaume walibaki nje na mapanga yao, wakisikia maji yakimiminwa, mpaka wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Kazimili aliondoka wa mwisho.

Majibu yalifika baada ya mazishi: katika damu ya pili kingamwili zilikuwa zimepanda sana. Ugonjwa ulikuwa wa mbu. Madimbwi yakafukiwa, vyandarua vikagawiwa. Kazimili alikwenda Mabawe kuomba msamaha; Adelfina alimpa kiti, lakini msamaha hakuutoa siku hiyo.

Generoza alifariki mwaka 1997 kwa homa ya mapafu, na jeneza lake lilibebwa na watu wa kambini na wa Mabawe. Akina mama wenye watoto wa degedege husali kaburini pake, na wapo wanaoshuhudia kuwa wamesikilizwa. Hayo tunawaachia wenye mamlaka katika Kanisa wayapime. Sisi tunajua kwamba aliposimama mlangoni pale hakuwa na majibu yoyote mkononi. Hakuwa na hakika kwamba Adelfina hana hatia. Alikataa tu mtu auawe kwa jina la mtoto wake kabla ukweli haujajulikana. Nasi, ndugu waamini, tumwombe Mungu atujalie moyo huo, hasa wanapotujia watu wanaotupenda, wakiwa tayari kutulipizia kisasi.