Kardani Niliyoiosha kwa Heshima ya Bakwe

Kuna haya ya kuisha na kuna haya ya kuzeeka nayo, na hii yangu ya Fizi nitazikwa nayo, basi heri niwasimulie mi mwenyewe kabla hamjasikia kwa bamama ba korali yetu ya kuimba kanisani, juu bale wanaongeza chumvi.

Mutoto wangu Elia alikuwa anataka kuoa binti wa Fizi, na mi ndiye wa kupeleka mbuzi za mahari kwa kamio yangu, lori langu, toka Baraka. (Ile kamio ni muzee kama mi, inakohoa asubuhi, lakini tunapendana.) Sasa kardani, kile chuma kirefu cha chini kinachopeleka nguvu ya motere kwa magurudumu ya nyuma, kiungo chake kimoja kilikuwa kimelegea. Fundi Amisi alitambaa chini, akaangalia, akaniachia kiungo kipya, halafu akaitwa kwenye kilio kule kijiji cha Nundu. Akasema, "Papa Elia, usiiguse mpaka nirudi."

Nikaigusa. Bakwe, wale wazazi wa binti, banangoja, mi nimeendesha kamio tangu Amisi ananyonya, chuma kitanishinda nini? Nikafungua kardani, ikatoka vipande viwili vya kuingiana kwa meno, na kwa sababu muntu haendi kwa bakwe muchafu, nikaiosha na petroli, nikasugua kutu, matope, hata madoa mawili meupe yaliyokuwa yameganda, ikang'aa kama sahani ya Krismasi. Nikatia kiungo kipya, nikavirudisha, vikaingiana vizuri kabisa. Nikajipongeza.

Kesho yake tukapakia mbuzi na korali. Kupita tu Baraka nikasikia nyuma kong-kong-kong, nikasema hawa bamama na ngoma yao! Kumbe nao walidhani ni mi nawapigia mdundo, wakaimba kwa nguvu. Nikasimamisha, nikanyang'anya ngoma, nikamuwekea Mama Elia mapajani. Tukaondoka: kong-kong-kong!

"Papa Elia," muke wangu akasema, "ngoma iko hapa. Sasa iko nini inalia kule?"

"Ni barabara."

"Barabara imefunga ngoma?"

Nikiongeza mwendo kelele inaongezeka, viti vinatetemeka, nikipunguza inanung'unika. Shemasi wa korali akasema ni gurudumu, mama mumoja akasema ni mababu hawakuagwa, na mbuzi walilia tu, nafikiri wao ndio walikuwa wanajua.

Tukaingia kwa bakwe na kelele ile, watu wote wakatoka. Na mi, badala ya kushuka polepole kama baba wa bwana arusi, nikaingia moja kwa moja chini ya kamio na shati yangu nyeupe, nikampigia Amisi simu. Mikono ilijaa gresi, nikaweka sauti ya wazi, ile ya spika, simu kifuani. Hapo nikasikia mama ya bibi arusi anasalimia, "Karibuni, mukwe," na kitu alichokuwa anasalimia ni miguu yangu, maana ndiyo tu ilionekana. Nikataka kuinuka kwa heshima, kichwa kikagonga kardani. Kong!

"Papa Elia," Amisi akapiga kelele kwenye simu, "ulifuata zile alama nyeupe? Nilipaka rangi ili vipande virudi vinatazamana! Ukikosa jino moja tu, vinapigana!"

"Alama? Yale madoa? Niliyaosha."

"Unaoshaje kardani, muzee?"

"Amisi! Tunaenda kwa bakwe!"

Halafu kiwanja chote kikapasuka kwa kicheko, na Elia wangu, maskini, akajifunika uso na kofia. Nikatoka mweusi kama sufuria. Nikajua nimemukosesha mutoto muke.

Baba ya bibi arusi, muzee wa kuongea kidogo, akaniangalia toka juu mpaka chini. "Mi nimepokea bakwe wengi," akasema. "Waliooga, waliopaka mafuta. Hakuna aliyetuheshimu mpaka chini ya gari. Mahari tunapokea." Tukapiga vigelegele. Akainua mukono. "Lakini muliongeza kumusalimia muke wangu na miguu. Hiyo ni mbuzi ingine. Na mutoto wetu hatapanda ile kitu."

Bibi arusi akaja Baraka na pikipiki. Korali nao, hata Mama Elia, wakasema wanafuata bibi arusi. Nikarudi peke yangu polepole, na ngoma kwenye kiti cha Mama Elia, kamio inaipigia mdundo.

Siku hizi nikienda kwa bakwe, naoga mi mwenyewe tu.