Jenereta Iliyogoma Mikononi mwa Josepha

Jua halijapanda juu ya mabati ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na tayari Josepha ameketi kwenye kigoda, mota iliyoungua katikati ya magoti. Anachomoa waya wa shaba taratibu, asiukate. Madukani waya mpya haupatikani, hivyo ule uliopona ataupaka vanishi na kuusuka upya.

Kazi hii alifundishwa na mumewe, Vitalis, aliyekuja naye mjini kutoka Kibosho. Macho ya Vitalis yalipoingia ukungu, Josepha akawa anamshikia waya. Alipopofuka kabisa, mke akashika kazi, mume akimwelekeza kwa maneno.

Wateja wakapungua. "Walichungulia mlangoni wakauliza fundi yuko wapi," anasema. "Nikiwaambia fundi ni mimi, wanageuka na kuondoka."

Hakufunga mlango. Masika iliyopita Shomari, mlinzi wa zahanati moja ya Magomeni, alimletea jenereta kwa mkokoteni. Umeme ulikuwa ukikatika ovyo, na wakunga wakizalisha kwa mwanga wa kibatari.

Josepha aliisuka yote. Siku ya kuijaribu baraza ilijaa watu. Injini ikanguruma, glopu haikuwaka. Wengine wakacheka pembeni. Shomari, kwa upole, akasema afadhali aipeleke kwa fundi mwingine.

"Niachie mpaka kesho, Ndugu Shomari," Josepha akamwambia.

Akapima koili moja baada ya nyingine. Zote nzima. Kisha akakigusisha kipande cha waya wa chuma kwenye chuma kinachozunguka ndani ya jenereta. Hakikuvutwa hata kidogo, na hapo akaelewa.

Injini kazi yake ni kuzungusha tu. Kinachoamsha umeme ndani ya shaba ni sumaku inayoukaribia waya na kuuacha, inaukaribia na kuuacha, bila kutulia. Sumaku ikisimama, waya hulala. Na chuma kile, kwa kukaa muda mrefu na kugongwagongwa, kilikuwa kimepoteza hata ile sumaku kidogo ya kuanzia.

Kesho yake aliazima betri ya teksi, akaigusisha kwenye koili za chuma kile kwa kitambo kifupi ili kipate sumaku tena. Injini ikawashwa. Glopu ikaanza na wekundu hafifu, kisha ikang'aa.

"Imewaka?" Vitalis akauliza.

Josepha akaushika mkono wa mumewe, akausogeza karibu na glopu mpaka Vitalis akalisikia joto lake.

Tangu siku hiyo Shomari ndiye anayemletea wateja, na hakuna anayemuulizia fundi mwingine.

Sasa Josepha anaweka akiba ya shaba kwa kazi yake mwenyewe: dinamo ya kufunga kwenye mfereji unaoshusha maji ya mlimani hadi mashambani kijijini kwao, Kibosho, shule ya pale ipate taa.

"Maji yale yanashuka bure usiku na mchana," anasema. "Yazungushe sumaku, waya nitasuka mimi. Wazee wanaosimamia mfereji wameshanikatalia. Krismasi napanda kwenda kuwaomba tena."