Mikono Mizito ya Mchungaji

Nashona Makambako, kwenye chumba kimoja nyuma ya maduka ya nafaka, na kitu ninachoshona zaidi siku hizi si sare wala magauni. Ni mito bapa ya kuweka mapajani, ndani nimejaza mahindi. Ni ya watoto wenye usonji wanaosoma darasa maalumu hapa jirani. Mtoto akiukalisha uzito ule mapajani, mara nyingi anatulia, anashika kalamu. Mzee ninayenunua kwake mahindi alidhani nafuga kuku. Nilipomweleza alicheka mpaka kofia ikahama, akasema tangu aanze biashara hajawahi kuona mahindi yanayosomesha mtoto bila kuuzwa. Sasa hunichagulia makavu kabisa, yasije yakaotea mapajani mwa watu.

Mimi mwenyewe nina usonji. Neno hilo nililipata nikiwa nimeshaacha shule, niliishia kidato cha pili, na aliyenipa ni mwalimu wa darasa hilohilo. Nililipenda siku ileile, kama mtu aliyeulizwa miaka yote kwao ni wapi, mwisho akapata la kujibu. Lakini kabla ya neno hilo nilikuwa na jingine, mapepo, na hilo nilipewa nyumbani Njombe, pale Mjimwema, mwaka niliokuwa darasa la kipaimara.

Kwetu kipaimara si jambo la kuruka. Usipokipata hushiriki meza ya Bwana, na akina mama wa mtaa wanaanza kujiuliza ndoa yako itafungwa wapi. Mimi nilikitaka kwa sababu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimezoea kukaa pembeni katika kila kitu, michezo, sherehe, hata misiba, na nilitamani siku moja niwe kwenye mstari na wenzangu, gauni jeupe kama lao, wala mtu asinitafute kwa macho. Mama alikuwa ameshanunua kitambaa. Katekisimu nilikuwa naijua, mwinjilisti aliyetufundisha hakuwa na wasiwasi nami.

Shida ilikuja siku ya kufanya mazoezi ya kuwekewa mikono. Tulipiga magoti mbele ya madhabahu, mwinjilisti akipita kwa kila mmoja anagusa kichwa kwa vidole, taratibu, kwa upole wote aliojaliwa. Kumbe upole ndio nisiouweza. Mguso mwepesi kwangu ni siafu wanaotafuta pa kuuma. Vidole vyake vilipotua tu nikajikuta niko nje, nimeshavuka ua wa michongoma, kiatu kimoja kimebaki kanisani.

Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Mtu anayekimbia mikono ya mtumishi wa Mungu ana kitu ndani, kwa watu wetu hilo halihitaji mjadala. Wenzangu darasani wakaanza kuniachia nafasi kubwa kwenye benchi, na mmoja akaniuliza kwa heshima kabisa kama huyo pepo wangu anakula ugali au anataka wali. Jirani yetu muuza viazi, mama mwenye sauti ya kuita gari lililo mbali, akawakusanya akina mama wa maombi wakaja nyumbani. Walikuja kwa upendo, hilo nalisema mpaka leo, tena na viazi walileta. Ila waliniwekea mikono wote kwa pamoja, kila mkono mwepesi kama unyoya. Nikaingia chini ya meza. Wakaona ushahidi umekamilika.

Mchungaji akamwita mama. Hakumfokea. Alisema kwamba asiyeweza kutulia apokee baraka ni afadhali asubiri, labda mwaka unaofuata, labda baadaye zaidi. Mama alirudi akakikunja kile kitambaa, akakiweka juu ya kabati. Sikuuliza, maana namna alivyokikunja ilitosha.

Kesho yake asubuhi ukungu ulikuwa umelala mpaka mlangoni. Nilitoka bombani na ndoo kichwani, nikasimama uani bila kuitua. Hiyo ilikuwa tabia yangu. Nilikuwa napenda ndoo ikiwa imejaa, ule uzito ukinishuka shingoni mpaka miguuni, kichwa kinakuwa kimya kabisa. Mama alikuwa anapepeta maharage, akanitazama muda.

"We mwanangu, mbona hutui?"

"Inaninyamazisha."

Akaacha ungo. Akaja, akanitua ndoo mwenyewe, akaiweka chini, halafu akasimama kama mtu anayefanya hesabu. Bila kuniambia kitu akaniwekea viganja viwili juu ya utosi, akakandamiza kama anavyokandamiza nguo kwenye beseni. Sikukimbia. Niliona hata usingizi unakuja. Mama akaanza kucheka, akicheka machozi yanamtoka, viganja bado viko palepale, akasema siku zote amekuwa akinishika kama yai.

Maharage yalibaki hivyohivyo. Tulikwenda kwa mchungaji na kanga za nyumbani. Mama akaeleza nusu, akanisukuma kwa kiwiko ili nusu nyingine niiseme mimi. Nikasema nikiangalia kalenda ya ukutani, maana usoni siwezi, kwamba sikimbii baraka. Nakimbia vidole. Mikono ikiwa mizito nitakaa.

Mchungaji akasema yeye amezoea kugusa taratibu, hasa mabinti, wasije wakasema amewaharibia nywele. Akainuka, akaniomba ruhusa, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniomba kabla.

"Hivi?"

"Zaidi."

"Hivi je?"

"Zaidi kidogo, baba mchungaji."

"Binti, shingo isije ikaingia tumboni."

Mama akacheka kabla yangu. Mchungaji akarudi kukaa, akaniuliza na kingine kinachonitisha ni nini. Nikamwambia matarumbeta. Akasema yatasubiri mpaka nitoke kwa mlango wa nyuma. Halafu akasema, kama anajisemea mwenyewe, kwamba amewawekea mikono watu wengi na hajawahi kumuuliza hata mmoja anaipokeaje.

Kipindi kilichofuata alikuja mwenyewe darasani akatuuliza kila mtu. Wengi walichekacheka tu. Lakini msichana mmoja aliyekuwa akikaa benchi la nyuma, aliyewahi kuvunjika mguu, akasema kupiga magoti kunamuuma mpaka anaona giza, na alikuwa amepanga kuvumilia. Akawekewa kigoda. Mimi nilikuwa nimedhani ni peke yangu niliyekuwa na hofu katika darasa lile.

Kitambaa kikashuka kabatini. Mama alikishona kwa mkono, na mishono ya ndani akaigeuzia nje, isinikwaruze. Ukitazama kwa karibu gauni lilionekana limevaliwa kinyume. Mimi niliona ni urembo.

Siku yenyewe nilipiga magoti katikati ya mstari, kulia kwangu yule wa kigoda. Nilisikia mchungaji anakuja, maneno yaleyale kwa kila mmoja, nikakaza meno. Mikono ikatua. Mizito, ya moto, imetulia, haina haraka. Nilisikia jina langu likitajwa pamoja na jina la Mungu katika sentensi moja, nikalisikia lote, mpaka amina. Alipoondoa mikono nilikuwa bado nipo.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma kama tulivyopatana, nikasimama kwenye baridi nimeziba masikio, huku matarumbeta yakilia ndani. Yalipokwisha washarika wakatoka kutupongeza. Wa kwanza kunifikia alikuwa yule jirani muuza viazi. Nikarudi nyuma hatua, na yeye akasimama. Akanisalimu kikwetu, kwa sauti ya chini.

"Kamwene, mwanangu. Nimeambiwa wewe hushikwi kidogokidogo."

"Kamwene, mama. Ndiyo."

Akanipa mkono. Akaukamata wangu kama anang'oa kisiki, akaubana, akautikisa mpaka bega likalia. Iliuma kwelikweli. Nikamwambia, mama, hapo sasa umezidisha. Akalegeza kidogo, akaniuliza, "Hapa?" Nikamwambia hapo sawa. Tukabaki tumeshikana hivyo, yeye akiwaita wengine kwa ile sauti yake waje wanisalimie, na akiwaelekeza jinsi ya kubana.